Koti Lililozikwa Golini

Mlioniacha wiki iliyopita nimeshika komeo la mlango, huku ngumi za Don Ciríaco zikiugonga kwa upande wa pili, poleni kwa kusubiri. Hata mimi nilisubiri. Nilitumaini atachoka aende zake. Lakini mtu aliyepiga ngoma kubwa ya mashabiki tangu kabla sijazaliwa hachoshwi na mlango.

Kwa waliochelewa kufika kwenye msiba huu: mimi ni Nazareno Ibarrola, kijana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni katika shule ya mapadre. Au tuseme nilikuwa. Nimerudishwa nyumbani Puerto Cardal kwa kosa la kupiga kengele ya kanisa siku Atlético Cardal ilipofunga bao, wakati padre yuko katikati ya mazishi. Bao lenyewe lilikataliwa.

Mmesoma pia kwa nini mji mzima unaniita mwongo. Wakati wa likizo nilitangaza kwamba Yule anarudi kwa basi la mchana. Watu waliokuwa wakitema mate kila wakimkumbuka walijazana stendi wamevaa nguo za Jumapili. Mwoka mikate alileta keki. Basi likafika, likamshusha bibi mmoja na kuku wake. Tangu siku hiyo, nikisema mvua inanyesha, watu hutoa kwanza mkono dirishani.

Yule ni nani? Jina lake nitaliandika sasa hivi tu, kwa usalama wa wote: Teófilo Garmendia. Mngekuwa wanaume wa Puerto Cardal, saa hii mngekuwa mmejishika chini ya mkanda, upande wa kushoto, mahali ambapo gazeti linalosomwa na mama zetu halipataji. Ndivyo tunavyokinga nuksi. Jina hilo likitamkwa, mkono hushuka wenyewe. Hata wa meya, akiwa jukwaani.

Alikuwa kocha wetu. Alitukuta tunacheza vumbini, akatupandisha madaraja mawili. Kisha akaondoka bila kuaga, akaenda kuifundisha Santa Brígida, watu tunaowachukia kuliko mbu wa mtoni. Kesho anarudi, amekaa kwenye benchi lao. Tukifungwa, tunashuka daraja.

Na tukishuka, baba yangu ameapa. Aliweka kiganja juu ya sanamu ya Bikira pale jikoni, akasema: "Yule mtu akishinda kwenye uwanja wangu, mimi sikanyagi tena pale."

Lazima mwelewe maana ya kiapo hicho. Baba anafanya kazi kwenye chumba cha barafu cha kiwanda cha nyama, na maneno yake hutoka yameganda. Uwanjani tu ndiko yanakoyeyuka. Pale huniuliza, hunijibu, hunishika bega. Kila Jumapili nina baba. Siku nyingine nina mtu anayekunywa supu mbele yangu.

Basi. Nikafungua mlango.

"Liko wapi?" akauliza Don Ciríaco.

"Habari za asubuhi, Don Ciríaco."

"Habari yangu ni koti. Liko wapi?"

Koti la Yule lilikuwa la rangi ya kahawia, manyoya ya kondoo kwa ndani, vifungo vya pembe. Mikono yake ilikuwa mirefu, inamfika kwenye ncha za vidole. Alishinda nalo mara ya kwanza, akashinda tena, na baada ya hapo hakuna aliyemruhusu kulivua hata jua liwake. Halikufuliwa. Vijana wote tukaanza kuvaa mikono mirefu kama yake, tukivuta masweta mpaka yakalegea, mama zetu wakilia.

Siku tuliyopanda daraja, mashabiki walidai koti lizikwe golini, ili bahati isihame. Baba alijitolea kuchimba, mimi nikamshikia taa. Wengine wote waligeuza migongo, kwa sababu bahati iliyozikwa huoza ikijulikana na wengi. Ndiyo maana wanaojua mahali penyewe ni sisi wawili.

"Koti humfanyia kazi mwenyewe," Don Ciríaco akaendelea. "Alipokuwa wetu, sawa. Sasa mwenyewe yuko benchi la pili, na sisi tunacheza juu ya bahati yake. Umeliona lango la upande wa makaburini mwaka huu? Kila mpira unaingia."

Nilikuwa nimeliona. Hata vipofu walikuwa wamesimuliwa.

"Muulize baba," nikasema.

"Nimemuuliza. Kaniambia koti halina masikio, nimwache alale."

"Basi mwache alale," mama akasema kutoka jikoni.

Don Ciríaco akachungulia ndani. "Nélida, ile picha bado ipo?"

"Imegeuzwa."

"Nimeuliza kama ipo."

Ilikuwepo. Picha ya Yule iko kwenye rafu, ubavuni kwa Mtakatifu Expedito, uso umeelekezwa ukutani tangu Yule aondoke. Lakini mama huifuta vumbi kila siku, mbele na nyuma. Siku moja niliikuta imetazama mbele. Aliniambia ni upepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

"Na wewe," mama akamjibu, "ule wimbo uliomtungia umeshausahau?"

Don Ciríaco akatazama viatu vyake. Wimbo ni uleule mpaka leo, ila maneno ya sifa yameng'olewa na matusi yakapandwa mahali pake. Mara nyingine, katikati ya mechi, mzee husahau akaanza na yale ya zamani, na jukwaa zima likamfuata mpaka ubeti wa pili kabla mtu hajashtuka.

Akanivuta nje, akanishika ukosi wa shati.

"Sikiliza, mwanangu. Sikuombi kwa ajili yangu. Unataka baba yako aendelee kwenda uwanjani au hutaki?"

Hakuna mtu aliyewahi kunipiga swali mbavuni namna ile.

"Nataka," nikasema.

"Basi leo, watu wakilala."

Puerto Cardal hufa baada ya chakula cha mchana. Maduka hushusha vyuma, mbwa hulala barabarani. Hata wezi wetu hulala, na kitu kikiibwa saa hiyo polisi hutafuta mgeni. Katika miaka yangu yote nimemjua mtu mmoja tu aliyeshindwa kujifunza usingizi wa mchana, naye ni Yule. Alitoka mji mkuu. Alikuwa akitembea peke yake kwenye mitaa mitupu, huku bibi zetu wakimtazama nyuma ya mapazia. "Mtu asiyelala mchana hakai," walisema. Walipopatia, hawakutuachia nafasi ya kusahau.

Niliruka ukuta wa uwanja nikiwa na sepetu ya mama ya bustanini. Lango la upande wa makaburini, hatua chache kutoka mlingoti wa kushoto. Ardhi ilikuwa ngumu kwa baridi ya Julai. Nilichimba kwa haraka. Nilikuwa nachimbua kitu ambacho baba alikizika kwa mikono yake, naye yuko nyumbani amelala akiniamini. Nilijiambia namwokoa. Wote wanaochimba gizani na mchana hujiambia hivyo.

Gunia likatokea. Nikalifungua kidogo. Harufu ya jasho, moshi wa nyama choma na kondoo aliyelowa ikanipiga usoni, na kwa kitambo kidogo tukawa tumeshinda tena, na mimi niko juu ya mabega ya baba.

Nikalitupa juu ya ukuta. Don Ciríaco alikuwa akingoja upande wa pili na baiskeli.

"Mungu akubariki," akasema, akakanyaga pedali. Nilimsikia akienda, mnyororo unalia. Nikaanza kufukia shimo.

"Unapanda nini?"

Sauti ile ningeijua hata chini ya maji. Nikageuka. Alikuwa amekaa kwenye mstari wa chini wa jukwaa tupu, amevaa jaketi jembamba la Santa Brígida, mikono imebanwa makwapani. Bila shaka. Nani mwingine angekuwa macho?

Mkono wangu mmoja ulikuwa na sepetu. Wa pili ukashuka wenyewe.

"Salimia kwanza," akasema, "halafu ndiyo ujishike."

"Viazi," nikasema. "Napanda viazi."

"Golini."

"Ardhi ya huku imepumzika. Mabeki wetu hawafiki."

Akacheka. Na mimi, aibu iliyoje, nikafurahi. Bwenini nilikuwa nimemtungia hotuba ya matusi, imepangwa vizuri, ina utangulizi na hitimisho. Ilinitoroka yote. Likabaki neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "Mwalimu."

"Mwalimu, kwa nini uliondoka?"

"Waliniita."

"Basi?"

"Na nilitaka kwenda. Hilo ndilo hamtanisamehe, najua. Ningefukuzwa, mngenijengea sanamu."

"Ungeaga."

"Nilifika mpaka mlangoni kwenu, Jumapili jioni. Nikamsikia baba yako ndani anakusimulia mechi, anacheka. Nikarudi." Akajipulizia vidole. "Bado anatembea na sweta?"

"Baba si mtu wa baridi."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe. Anasema anashinda ndani ya barafu, baridi gani nyingine imtishe."

Yule akaacha kujipulizia vidole. Uso wake ukabadilika.

"Kumbe hakukuambia," akasema.

"Hakuniambia nini?"

"Siku niliyoshuka basi hapa nilikuwa na shati na mkoba. Mwezi kama huu. Klabu ilimtuma baba yako anipokee. Alivua koti lake akanivika kabla hajaniambia jina lake. Jipya, Nazareno. Kaka yake alikuwa amemletea kutoka kusini juma hilohilo. Baba yako alinisindikiza mpaka hotelini meno yakimgongana."

Nikaichomeka sepetu ardhini.

"Kila nikitaka kulirudisha, anakataa. 'Ukishinda nalo, nimeshinda mimi. Likae.' Hivyo tu. Halafu mkalizika, na aliyechimba ni yeye, na bado hakusema."

Nikaona majira yote ya baridi kwa mpigo. Baba na masweta mawili, moja juu ya jingine. Mama akimwambia, Eleuterio, utakufa na kifua. Baba akipita mtaani kati ya watu wanaolisifu koti la kocha, ametulia, kama mtu anayesikia mwanawe akisifiwa na hataki kuingilia.

Koti humfanyia kazi mwenyewe.

"Lakini mipira," nikasema. "Mwaka huu lango hili kila mpira unaingia."

"Inaingia kwa sababu kipa wenu hatazami kushoto kwake," akasema, kisha akajuta. "Usiseme nimekuambia mimi."

Halafu akainua pua. "Nani anachoma nyama saa hizi?"

Hakuna anayechoma nyama saa hizi. Moshi ulikuwa unapanda nyuma ya banda la Don Ciríaco la kuwekea ngoma.

Nilikimbia. Niliacha sepetu ya mama, niliacha shimo wazi. Nilikimbia katikati ya mji uliolala, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na ukweli mkononi na hamu ya kuufikisha.

Don Ciríaco alikuwa ameamsha mashabiki wachache kuja kushuhudia. Walikuwa wamelizunguka jiko la nyama, macho yamevimba kwa usingizi, kibuyu cha chai chungu ya majani kikizunguka mkono kwa mkono na bomba lake la kunyonyea. Koti lilikuwa juu ya wavu wa kuchomea. Ukosi ulikuwa umeshika moto.

"Liondoe," nikasema. "Don Ciríaco, liondoe, si lake. Ni la baba."

"La baba yako ni sweta," akasema mmoja, na wote wakacheka.

"Nawaambia kweli. Alimpa siku ya kwanza. Ni bahati yetu mnayoichoma."

"Nani kakuambia?" akauliza Don Ciríaco.

"Yule mwenyewe. Yuko uwanjani sasa hivi."

Mikono ikashuka chini ya mikanda. Kisha mwoka mikate, ambaye hajawahi kusahau, akasema polepole:

"Na safari hii keki nilete ipi? Ya chokoleti?"

Walicheka mpaka kibuyu kikamwagika. Nilijaribu kulifikia koti, wakanishika mikono. Nililia, na waliponiona nalia walinipigia makofi. Mmoja alisema shule ya mapadre inafundisha uigizaji mzuri. Moto ukatambaa begani mwa koti. Nilimwomba Bikira, nikamwomba Expedito, nikaahidi kutosema uongo tena mpaka nife. Niliahidi hata kurudi shule.

"Toa," sauti ikasema nyuma yetu.

Baba alikuwa amesimama kwenye lango la ua, na masweta yake mawili, na alama ya mto bado shavuni.

Don Ciríaco akajikohoza. "Eleuterio, ndugu yangu, ni kwa faida ya wote. Koti la mtu yule—"

Baba alipita katikati yao, akaingiza mkono kwenye moto kama mtu anayetoa nyama kwenye rafu ya kiwanda, akalivuta koti. Akalipiga kwenye paja lake, tena na tena, mpaka ukosi ukaacha kuwaka. Kisha akalivaa.

Mikono ya koti iliishia kwenye vifundo vya mikono yake. Hapo hasa. Haikupita, haikupungua. Mabega yalikaa, kifua kikafunga. Sisi tuliovuta masweta miaka yote ile kuiga mikono mirefu tulimtazama mtu wa kwanza tuliyewahi kumwona ndani ya koti lile linalomtosha.

Hakuna aliyecheka. Mwoka mikate alivua kofia.

"Eleuterio," Don Ciríaco akasema, sauti ndogo. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mngeniheshimu mimi," baba akajibu. "Nilitaka mumpende yeye."

Akafunga vifungo mpaka juu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebabuka. Akanitazama, na nikajua anajua nani alichimba.

"Wewe. Yuko wapi Teófilo Garmendia?"

Alilitaja jina zima, kwa sauti ya kawaida, kama anauliza habari za jirani. Nikawatazama wanaume. Hakuna mkono ulioshuka.

"Alikuwa uwanjani," nikasema. "Sasa hivi atakuwa amerudi hotelini."

Baba akaanza kutembea. Mimi nikamfuata. Nyuma yangu wakafuata wengine, na Don Ciríaco na ngoma yake mgongoni, haipigi. Mji ulikuwa unaamka. Mapazia yalifunguliwa moja baada ya jingine, na kila aliyeliona koti lile lililoungua begani alitoka mlangoni akajiunga nasi. Mama alitoka pia. Alikuwa amebeba ile picha chini ya kwapa, na sikuweza kuona uso wake umeelekea wapi.

"Unakwenda kumpiga?" Don Ciríaco akauliza.

Baba akaongeza mwendo.

Nikamsogelea. "Baba, kesho tutakwenda uwanjani?"

Alitembea hatua kadhaa. "Inategemea atasema nini huyu," akasema. Lilikuwa jibu refu kuliko yote aliyonipa siku isiyo Jumapili. Hakunishika bega.

Tulipofika, Yule alikuwa ndio kwanza anapanda ngazi za hoteli, na jaketi lake jembamba, midomo imegeuka bluu. Alisikia miguu, akageuka. Aliona watu. Kisha akaliona koti, na yule aliye ndani yake, akashuka ngazi moja.

Baba akasimama chini ya ngazi. Upepo wa mtoni ulipita kati yao.

Baba akafungua kifungo cha kwanza, kwa ule mkono uliobabuka. Kisha cha pili.

Mtu hufungua koti mbele ya mwenzake kwa sababu mbili tu: alivue ampe, au aiachie mikono yake nafasi ya kupiga. Kifungo cha tatu kikafunguka. Mji mzima ulikuwa nyuma yangu, na nusu yake ilikuwa inaombea hili na nusu nyingine lile. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na hili ndilo ninalokiri wiki hii: nilikuwa naomba kwa moyo wangu wote, na sikujua ninaomba lipi.